Mkulima haachi plau kwa sababu ya semina tu

Kila mradi wa kilimo hifadhi, yaani kulima bila kugeuza udongo na kuuacha umefunikwa, ukikwama utaskia wakulima hawana elimu. Mi naona hilo halistahili kuwa la kwanza. Wamatengo kule Mbinga wanalima ngoro kwenye miteremko mikali tangu enzi za mababu, nyasi zinalazwa chini zikikatizana, zinafukiwa na udongo, katikati vinabaki vishimo vya kushika maji ya mvua, na hakuna bwana shamba aliyewafundisha. Uluguru mkoloni alilazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi, kazi ngumu na udongo wa chini usio na rutuba ukaja juu, mwaka 1955 zikatokea ghasia na mpango ukafa.

Ila tuwe wakweli, amri nayo kuna mahali imezaa matunda. Kondoa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, 1979 mifugo ikatolewa kwenye maeneo yaliyoharibika na majani yakarudi kweli. Lakini hasara aliibeba mfugaji. Na elimu ina kazi yake, mtu ambaye hajawahi kuona mahindi yanastawi kwenye shamba lisilogeuzwa atadhani jirani yake ni mvivu.

Sasa chukua Karatu. Plau ya ng'ombe inapita kina kilekile kila mwaka, chini linajengeka tabaka gumu, maji hayazami. Ripa, jembe la kukokotwa lisilogeuza udongo, inapasua mstari wa kupandia tu, safi kabisa, ila usipogeuza udongo magugu ya misimu ya mwanzo yanakuja kwa fujo, ni dawa ununue au palizi ya mkono, na palizi mara nyingi inaangukia wanawake. Halafu unaambiwa uache mabua shambani yafunike udongo, wakati ng'ombe wako wanayategemea kiangazi, na hata ukiyaacha, kwa desturi shamba likishavunwa ng'ombe wa yeyote wanaingia! Aliyekodi shamba msimu mmoja ndo kabisa, atunze udongo utakaomnufaisha nani?

Kinachonishawishi zaidi ni ngwara, zao la jamii ya kunde linalotambaa. Watu wanaichanganya na mahindi, inafunika ardhi vizuri sana, na inapandwa kwa sababu inauzika, wanunuzi wa Kenya wanaitaka. Ubaya wake bei ikianguka ngwara inapungua shambani, na udongo unabaki wazi tena. Kwa hiyo soko peke yake halitoshi. Mi ningeanza na mikataba ya kukodi ya miaka kadhaa, na kijiji chenyewe kikubaliane lini ng'ombe waingie mashambani, ndo semina zifuate.