Santuri na vumbi la Nkuhungu wapi na wapi

Hivi nani aliwaambia watu santuri zimerudi mjini? Shemeji yangu kashuka na SGR toka Dar kapakata mashine ya santuri njia nzima, na sasa sebule si yangu tena. Hakuna kukanyaga kwa nguvu, sindano itaruka. Hakuna kufungua dirisha, na mwezi wa nane huu upepo wa huku Nkuhungu, Dodoma mnaujua, dirisha lifungwe lisifungwe vumbi linaingia tu, anafuta santuri kwa kitambaa taratibu anafuata duara, mpaka sindano inatua vumbi lisharudi, unasikia mtu anakaanga vitumbua halafu kwa mbaaali Mbaraka Mwinshehe.

Mwambie aweke fleshi uone! Eti dijitali inakatakata muziki. Kaka, CD toka 1982 inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, inabeba sauti nyembamba mpaka hertz 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, masikio yetu haya yaliyokulia kwenye sabufa za daladala yanafika wapi huko? Kwa usafi santuri haioni ndani, tusidanganyane. Ila watu huku hata hawailinganishi na CD, wanailinganisha na mp3 iliyopita WhatsApp za ukoo mzima mpaka matoazi yanachuruzika maji. Hapo hata redio ya mkulima inashinda.

Halafu hizi santuri ndogo za 45, zinazozunguka mara 45 kwa dakika, upande mmoja ni dakika nne tano, kwahiyo wimbo wameukata sehemu ya kwanza na ya pili. Magitaa yanapanda, chemko ndo linaingia, shangazi kashanyanyuka kajifunga kanga, krrp, kwisha. Jamaa anainua mkono wa sindano kwa vidole viwili kabana pumzi, anageuza, anapuliza, anafuta, anapuliza tena. Shangazi kasharudi kukaa anauliza chai iko wapi.

Juzi umeme umekatika katikati ya wimbo, sahani ikapunguza mwendo polepole, Mbaraka akashuka mpaka sauti ya mzee mwenye mafua. Nikajua leo atanyamaza. Wapi! "Unaona shem, dijitali ingekata tu ghafla, hii inaaga."

Sasa anataka nimchangie sindano mpya, eti nzuri ncha yake ni almasi. Na kalisema hilo mbele ya dada yake, ambaye toka nimuoe hata pete ya fedha sijamnunulia.