Ua wangu hauna mteja

Mwezi wa nane mpwa wangu alikuja kutusalimia kutoka Dar es Salaam. Chai haijapoa, alishazunguka nyuma ya nyumba, mikono kiunoni, akarudi na ushauri. "Mjomba, kile kiwanja cha nyuma unakichezea bure. Piga pevingi, jenga vyumba viwili, pangisha. Au kama kulima kumekukaa moyoni, panda nyanya tupu upeleke soko la Chuno." Akatoa simu, akaanza hesabu: matuta mangapi, ndoo ngapi za nyanya, ndoo moja shilingi ngapi. Nikamwacha amalize. Nilitaka kumwambia kwamba mchaichai uliomo kwenye kikombe chake umetoka palepale ninapopachezea, lakini mtu akiwa kwenye hesabu za fedha haonji anachokunywa.

Sikumkasirikia. Ndiyo lugha ya siku hizi, kila kitu fursa. Ukiweka picha ya bamia zako kwenye kundi la WhatsApp, wa kwanza kujibu anauliza kilo unauza bei gani, wa pili anakutumia tangazo la semina ya kilimo biashara. Na sisi wa Mtwara mjini homa hiyo tumeshaiugua. Miaka ile ya gesi, bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokuwa linajengwa, mtaani kwetu watu walikata miembe wakamimina zege, kila mwenye ua akawaza wapangaji. Bomba likakamilika mwaka 2015. Vyumba vingine hapa jirani vimekaa na kufuli mpaka kufuli limeshika kutu, na miembe ndiyo hairudi tena. Mimi wakati ule sikuwa na hekima yoyote. Sikuwa na fedha tu. Ua wangu uliokolewa na ukata.

Sasa kidogo fedha ninayo, na bado sitaki. Nitaeleza.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu. Kila kinachopita mkononi mwangu kina mwenyewe. Kitambaa cha mtu, vipimo vya mtu, siku ya kuchukua kaipanga mtu, na mshono kauona kwenye simu umevaliwa na mtu mwingine asiyefanana naye hata kidogo. Kazi naipenda, imenisomeshea watoto. Lakini jioni nikizunguka nyuma nakutana na kitu pekee ambacho hakuna anayekuja kukidai. Biringanya haijui kama keshokutwa kuna harusi. Huwezi kuipigia simu kuiuliza imefikia wapi. Na ikitoka imepinda, haina wa kunirudishia nikaifumue.

Ua wenyewe si mkubwa, ni hatua 14 kwa 9. Pembeni kuna mkorosho mmoja wa zamani niliokuta umeshapandwa, mipapai miwili, mndimu, na mgomba unaokunywa maji ya bafuni. Halafu matuta sita: mchicha, majani ya kunde, bamia, nyanya chungu, nyanya, na moja ninaliacha lizae linachotaka, ambalo sasa hivi lina mnavu na mlenda uliojiotea. Pilipili mbuzi ziko kwenye mifuko ya sementi ukutani, mbaazi zimeshika mpaka, mrihani uko chini ya dirisha la chumbani.

Ardhi ya huku pwani ni mchanga. Ukimwaga ndoo, maji yanashuka kama yanawahi basi. Miaka 11 sasa naulisha mchanga huo majani makavu ya mkorosho, samadi ya mbuzi, na maganda ya kila kinachomenywa jikoni. Juzi nilikuwa nachimba mashimo ya miche ya nyanya, nikakuta udongo mweusi unaofika kina cha kiganja, na ndani yake nyungunyungu amejikunja. Nilimwita mke wangu aje kumwona. Alikuja na mwiko mkononi, akamtazama nyungunyungu, akanitazama mimi, akarudi jikoni. Basi hiyo ndiyo furaha ninayoizungumzia. Siwezi kumlazimisha mtu aione.

Shida ya bustani na cherehani ni kwamba misimu yao inagongana. Huku kusini mvua zetu ni za mkupuo mmoja, hatuna vuli na masika kama wenzetu wa kaskazini. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, zinakwisha Aprili kuingia Mei. Na fedha ya korosho nayo huanza kuingia Oktoba, minada ikishafunguliwa. Korosho ikilipwa, kila mtu anataka nguo: sare za harusi, madera ya ngoma, nguo za watoto wanaotolewa unyago shule zikiwa zimefungwa, kisha sare za shule za Januari. Kwa hiyo wiki ileile mbegu inapotakiwa kuwa chini, mimi nina magauni 40 yamening'inia. Kuna mwaka nilipanda kunde usiku, simu nimeibana kwa meno inimulike. Mistari ilipinda kama pindo la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kunde zikaota vilevile.

Kabla ya mvua kuna kiangazi, na kiangazi ndicho kilichonifunza kulima. Septemba, Oktoba, Novemba, jua linawaka, bomba lina siku zake za kutoa maji, na kisima cha mtaa wa pili maji yake yana chumvi, ukiyamwagilia siku tatu majani yanaungua kingo. Zamani nilikuwa nikipata maji natumia mpira, nasimama katikati narushia kila upande. Siku moja bibi jirani yangu, Mmakonde wa Newala, alisimama upande wa pili wa uzio. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akatazama kidogo, akauliza, "Mwanangu, hayo maji unampa mchicha au unaipa njia?"

Bibi huyu amekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako mvua ikishanyesha maji yote yanazama, huoni mto wala kijito. Anasimulia walivyokuwa wakiteremka mabondeni alfajiri na kupanda tena na chombo kichwani, na ukijikwaa ukamwaga, siku yako imekwisha. Mtu aliyelelewa hivyo hamwagi maji, anayaweka. Ndiye aliyenitobolea kopo la maziwa ya unga matundu matatu kwa msumari. Kopo moja kwa mche mmoja, kwenye shina, kabla jua halijapanda, kisha unarudishia majani makavu juu. Nina miche kama 60. Makopo 60, kila asubuhi, umechuchumaa.

Mwanzoni niliona adhabu. Lakini ukichuchumaa mbele ya mche unaona chini ya jani, na mambo yote yako chini ya jani. Vidukari wamejipanga kwenye mshipa wa jani la kunde kama shanga, sisimizi wanawalinda. Mayai ya mdudu gani sijui, meupe, yamepangwa safu nne, sawasawa utadhani kapiga futi. Ua la bamia lililofunguka alfajiri, la njano hafifu lenye moyo wa zambarau, ambalo jioni litakuwa limesinyaa. Mwenye mpira wa maji haya hayaoni. Nikikuta vidukari wachache nawaponda kwa vidole, wakizidi natwanga majani ya mwarobaini, naloweka usiku kucha, nachuja, naongeza sabuni kidogo, nanyunyiza. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye mndimu. Ya kuoshea samaki niliyajaribu mara moja, paka wa mtaa mzima wakaja kufukua, sikurudia.

Kisha siku moja kaskazi linaleta joto lisilolalika, mawingu yanarundikana, inanyesha. Siku ya nne au ya tano mchicha umeshatoka, ukiinama unaona kama tuta limemwagiwa vumbi la kijani. Wiki ya tatu unapunguzia, na ile uliyong'oa ndiyo mboga ya kwanza ya mwaka. Ni laini, haihitaji zaidi ya kitunguu na tui jepesi. Tunaila na ugali wa muhogo. Nikipewa kuchagua kati ya mlo huo na pilau ya harusi ambayo sare zake nimezishona mwenyewe, nachagua mchicha, na nina sababu, kwa sababu kwenye pilau nitakutana na wateja.

Februari mvua hukatika kidogo ikatutia wasiwasi, Machi inarudi na konokono wake. Sina mengi ya kusema kuhusu konokono. Tunagawana.

Aprili ya 2019 ndiyo siisahau. Tulitangaziwa kimbunga Kenneth kinakuja. Watu wa mabondeni na wa kandokando ya bahari wakaambiwa wahame. Mimi, pamoja na kuwahimiza watoto wakusanye nguo na vyeti, akili yangu ilikuwa kwenye mipapai. Nikaangua mapapai yote, mabichi matupu, 23. Nikakata mkungu wa ndizi haujakomaa. Mgomba nikaufunga ukutani kwa kamba niliyoisuka kwa mabaki ya vitenge. Tukakaa ndani tunasikiliza. Kimbunga kikapita kusini yetu, kikaingia Cabo Delgado tarehe 25, kikawaumiza wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Kwetu palikuwa na upepo na manyunyu. Asubuhi mgomba umesimama umevaa vitenge, na ndani tuna mapapai mabichi 23. Tuliyakuna tukayapika na nazi wiki nzima, na mtoto wangu wa mwisho mpaka leo akiona papai bichi anauliza kama kimbunga kinakuja. Tulicheka, lakini kimoyomoyo tukijua kilio kimekwenda nyumba ya jirani.

Mvua zikiisha, kusi linaingia na baridi yake ya Juni na Julai. Watu wa mikoa ya baridi wanatucheka tukivaa masweta kwa baridi hii, wacha wacheke. Ni majira ya nyanya. Miche naifunga kwenye fito kwa mabaki ya vitambaa, kwa hiyo tuta la nyanya ukilitazama vizuri ni kitabu changu cha wateja: kipande cha sare ya harusi ya Ligula, kipande cha gauni la mwalimu aliyehamishwa, utepe wa dera ambalo mwenyewe hajaja kulichukua mwaka wa pili huu. Nilisema ua hauna mteja. Basi nakiri wameingia kwa mlango wa nyuma.

Ni majira pia ya maua ya mikorosho, na asubuhi nyingine upepo unaleta harufu ya salfa kutoka mashamba ya nje ya mji, watu wanapulizia kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoshambulia maua ya mikorosho. Mkorosho wangu mmoja siupulizii. Najua wataalamu wa kituo cha utafiti wa korosho cha Naliendele, ambao hawako mbali na hapa, wangenikaripia. Unazaa kidogo, lakini unazaa. Oktoba mabibo yanadondoka, watoto wanafyonza na kuchafua mashati, mimi nakusanya korosho kwenye beseni. Tunazikaanga uani kwenye debe lililotobolewa, kwa kijiti kirefu, uso umegeuzwa pembeni maana mafuta yake yakilipuka na moshi wake ni vita. Zikishawaka unazimwagia mchanga, unaziacha zipoe, unapasua kwa jiwe moja moja. Tunapata kama bakuli tatu. Katika mji unaoishi kwa tani za korosho, bakuli tatu ni kichekesho. Haziishi jioni ile.

Yapo ya kukera pia. Mwaka jana nilinunua pakiti ya mbegu za figiri dukani, nikaatika, nikasubiri wiki mbili, haikuota hata moja. Nikarudi, muuzaji akaniambia labda mkono wangu mzito. Mkono huu unatunga uzi kwenye sindano usiku bila miwani! Tangu siku hiyo naacha mashina mawili matatu ya kila mboga yakomae, mbegu nakausha, nahifadhi kwenye chupa za dawa pamoja na majivu.

Nimesema siuzi, lakini mboga yangu inasafiri. Asubuhi bibi anapiga hodi, anataka majani ya maboga, au mrihani, au pilipili mbili. Namjazia sahani. Kesho yake sahani inarudi, na kwa adabu ya huku sahani hairudi tupu. Inarudi na ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, au kisamvu alichotwanga mwenyewe mpaka kimekuwa laini kama unga. Mpwa wangu angeniuliza sahani moja ya majani ya maboga ni sawa na ming'oko mingapi. Hatujawahi kuhesabu, na nadhani tungehesabu sahani zingeacha kutembea.

Leo naandika haya mwishoni mwa Novemba. Jana jioni kulikuwa na radi upande wa Mikindani, na usiku zimeanguka tone chache, hazikulowesha hata baraza. Bibi ameshaniita kupitia uzio mara mbili: "Umefukia?" Nikamjibu bado, nina gauni la mtu. Akasema gauni halinyeshewi.

Nimeshafukia tuta la kunde, nimebakiza la bamia. Mwenye gauni niliyemwambia saa nne amefika saa tatu. Nimemwomba akae barazani, mke wangu anamletea chai ya mchaichai. Nanawa nikija.