Mashine ya Mguu Mfupi

Watoto wa mtaa wetu hapa Lamu humpa kila mtu jina, na langu wamenipa bila kuniuliza. Nikipita na vitabu kwapani nasikia nyuma ya ukuta: "Mwalimu Mguu Mfupi!" Mgeni akigeuka kunitazama miguu, anaona haina ila, tena mirefu kiasi. Basi inanilazimu nieleze, na maelezo huanzia kwenye mashua ya marehemu ami yangu, futi 22 kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Niliirithi pamoja na tanga lake, foromali yake, ule mti unaobeba tanga, na madeni mawili matatu ambayo hakuna aliyeyataja siku za matanga.

Mashua yenyewe haina kosa kukiwa na upepo. Kusi ikivuma inakwenda, kaskazi ikivuma inakwenda. Tatizo ni ile miezi ya tanga mbili, pepo zinapobadilishana zamu, hii imechoka na ile haijaamka. Mwezi wa Novemba mmoja nilishikwa na shwari kati ya kijiji cha Shela na kisiwa cha Manda saa nne nzima. Jua utosini, tanga limening'inia kama kanzu iliyosahauliwa kambani, maji yanapwa na mkondo unanipeleka taratibu kuelekea bahari kuu, na watu wa Shela wamekaa kivulini wananitazama kama wanaotazama mpira. Aliyekuja kunivuta ni kijana mmoja mwenye boti ya faiba. Hakunidai hata shilingi. Alifanya jambo baya zaidi: alisimulia.

Nikaamua kununua mashine ya kusukuma mashua. Kosa langu la kwanza ni kulisema jambo hilo barazani.

Mmoja akaniambia nisinunue yenye chini ya nguvu za farasi 40, kama zile boti zinazopeleka abiria uwanja wa ndege wa Manda. Mwingine akasema farasi 5 wanatosha, kwani nakimbizwa na nani? Wa tatu akasema suala si farasi bali ni stroki: ya stroki mbili, inayonywa lita moja ya oili kwa kila lita hamsini za petroli, hutengenezwa na mvuvi yeyote mwenye spana, ya stroki nne hainywi mchanganyiko na haipigi kelele, lakini ikiugua inataka daktari wa Mombasa. Wa nne alipinga mashine zote, akasema tanga huona wivu. Mwishoni kabisa nahodha mmoja mzee, ambaye muda wote alikuwa akihesabu tasbihi yake, akasema: "Mwalimu, farasi waache. Uliza mguu."

Sasa Lamu ni mji wa washairi. Wazee wetu husema kwa mafumbo hata wakiagiza mkate. Nikadhani hilo nalo ni fumbo, nikatikisa kichwa kwa hekima, nikaenda zangu Mombasa.

Muuzaji alikuwa na mashine kumi hivi zimetundikwa kwenye mbao kama nyama buchani. Nikachagua moja ya farasi 15, stroki mbili, kilo 36, imetumika lakini kofia yake inang'aa. (Baadaye nilikuja kujua kwamba kofia hung'arishwa kwa dawa ya viatu.) Bei shilingi 90,000. Nikaanza kuhesabu noti. Ndipo muuzaji akaniuliza: "Ya mguu mfupi au mrefu?"

Nikamkumbuka nahodha. Kumbe halikuwa fumbo.

Muuzaji akanieleza vizuri, sina lawama naye. Mguu ni ile sehemu inayoteremka kutoka juu ya ubao wa tezi hadi juu kidogo ya rafadha, lile panga linalozunguka na kusukuma maji. Mfupi ni inchi 15, mrefu inchi 20, na upo hata wa 25. Akaniuliza ubao wa mashua yangu una kimo gani. Nikamjibu: "Wa kawaida." Hakuuliza tena. Mtu mwenye mashine ya kuuza haulizi mara ya pili.

Naomba nieleweke kwamba sikuchagua kama mjinga. Nilifikiri. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikawaza maji yetu ya Lamu, mikono ya bahari iliyojaa mikoko, fungu la mchanga hapa na jingine pale, maji yakipwa mtu anavuka na viatu mkononi. Nikasema moyoni: mguu mrefu utagota mchangani, mguu mfupi utapita juu. Kumi na tano ni ndogo kuliko ishirini, hapo hesabu yangu haina kasoro. Nikamwambia: "Nipe mfupi." Nikalipa, nikatoka nimevimba kifua.

Safari ya basi mpaka Mokowe, upande wa bara, siielezi, ila kondakta alinitoza nauli ya mtu wa pili, na harufu ya petroli ilinipa kiti cha peke yangu. Tulipovushwa hadi gatini Lamu nikaita mwenye punda. Akaifunga mashine ubavu mmoja wa punda, halafu akashuka ufukweni, akajaza mchanga kwenye gunia, akalifunga ubavu wa pili.

"Mchanga wa nini?" nikamuuliza.

"Uzito haukai upande mmoja, Mwalimu. Huyu ataanguka."

Nikaona ni maarifa mazuri, ya punda.

Jaribio la kwanza lilikwenda kama ndoto. Mimi na mpwa wangu tulikaa tezini wote wawili, kwa sababu kila mmoja alitaka kushika mkono wa mashine. Tukabinya kile kipira cha kuvuta petroli, nikavuta kamba mara tatu, ikanguruma, na mashua ikatoka mbele ya mji watu wakiona. Nikazunguka mara mbili pasipo na haja. Nahodha alikuwa gatini. Alitazama nyuma ya mashua kwa muda, akafungua kinywa, akakifunga.

Idi el-Fitri ilipofika, mama mkwe wangu alikuja kutoka Mombasa na dada yake. Idi ya pili nikatangaza matembezi ya Takwa. Takwa, kwa asiyeijua, ni mji uliohamwa ndani ya kisiwa cha Manda. Watu walikaa pale kuanzia karne ya 15 mpaka ya 17, wakaondoka, na msikiti wao una nguzo juu ya kibla. Kufika kwa chombo lazima upite mkono wa bahari wenye mikoko, tena maji yakiwa yamejaa. Idi hiyo huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana: siku ile maji yalikuwa yanajaa saa kumi na nusu alasiri. Tukipakia saa nane, nikapiga hesabu, tutakuwa tumerudi kabla ya magharibi.

Asubuhi yake niliteremsha foromali na tanga nikayaacha nyumbani. Mpwa wangu akaniuliza kwa nini. Nikamwambia yanabana nafasi ya wageni, na tuna mashine. Nahodha hakusema neno. Alichukua upondo wake mwenyewe, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akautia ndani ya mashua yetu, akaenda zake. Angetoa methali ningeweza kubishana naye. Upondo haujibiki.

Nikatandika mkeka omoni, mahali pa heshima, penye upepo na pasipo moshi. Mama mkwe akakaa hapo, na dada yake, na mke wangu, na watoto wawili, na sufuria la pilau, na deli la vinywaji. Tezini tulibaki mimi na mpwa wangu, kijana mwenye kilo arobaini na tano akiwa amelowa. Nikavuta kamba. Mashine ikawaka. Nikatia gia.

Sijui niueleze vipi ule mlio. Omo imezama, tezi imenyanyuka kama mkia wa bata, na rafadha inakata nusu maji nusu hewa. Mashine ikapiga yowe. Mashua haikusogea hata pima moja.

Hapa lazima niseme kuhusu maji ya kupoza. Mashine hizi hupozwa kwa maji ya bahari: pampu iliyo mguuni huyavuta, huyapandisha kichwani, kisha hutoka nyuma kwa kijitundu, mchirizi mwembamba. Mabaharia hawana neno la adabu kwa mchirizi huo. Husema mashine inakojoa. Na isipokojoa, uizime upesi kabla haijaungua. Mguu wetu ukiwa nje ya maji, pampu ilikuwa inavuta upepo. Mpwa wangu, mtoto aliyelelewa vizuri, lakini aliyefundishwa kazi na wavuvi, akapaaza sauti kuushinda mlio:

"Mjomba! Haikojoi!"

Mama mkwe akageuza uso akatazama Manda.

Nikazima. Kimya kikatanda. Nikajua dawa ni nini, na ndiyo iliyoniogopesha: uzito urudi nyuma. Na uzito, nitasemaje bila kukosa adabu, ulikuwa umekaa kwenye mkeka wa heshima. Ipo lugha ya kumwambia mtu mzima anayekuheshimu kwamba mwili wake unahitajika sehemu fulani ya chombo? Nimeitafuta, haipo. Nikamtazama mke wangu kwa macho ya mtu anayezama. Akaelewa.

"Mama," akasema, "nyuma kule kuna upepo mzuri zaidi."

Nyuma kule kulikuwa na moshi wa bluu. Mama mkwe akautazama moshi, akamtazama binti yake, akainuka akaja tezini akaketi kando ya mashine. Nikavuta kamba. Ikatulia, ikanguruma chini kwa chini kama paka aliyeshiba, na mashua ikasogea. Tulikwenda hivyo kidogo, mpaka akakumbuka mkoba wake uko omoni akaenda kuuchukua. Yowe. Akarudi. Kimya. Akatazama mashine. Akanitazama mimi. Akainuka tena hatua mbili, makusudi sasa, huku ametega sikio. Yowe. Akakaa. Paka.

Wa kwanza kucheka alikuwa dada yake, kicheko cha kushika mbavu, halafu naye akaitwa nyuma kwa sababu bado tulikuwa tunakwenda mwendo wa kobe. Mwishowe wote tukawa tezini, tumebanana kama dagaa, pilau limepakatwa, omo imeelekea mbinguni hata sioni ninakokwenda, na maji vidole vinne tu chini ya ukingo. Mpwa wangu alisimama mbele peke yake akinielekeza kwa mikono.

Tulifika Takwa saa kumi na moja na robo. Tuliiona Takwa kwa dakika kumi na tano. Nguzo ipo.

Kurudi, maji yalikuwa yameshaanza kupwa kwa haraka ile ya bamvua, mizizi ya mikoko ikichungulia kila upande. Na hapo ndipo mguu mfupi ulipotenda kazi yake. Tulipita juu ya fungu ambalo mguu mrefu ungegota, nililiona kwa macho yangu, nikasimama nikalitangaza. Nikawaeleza kuhusu inchi 15 na inchi 20. Nilikuwa bado nimeinua kidole wakati mashine ilipovuta tope.

"Mjomba! Haikojoi tena!"

Mama mkwe, bila kugeuka, akasema kwa upole:

"Mwacheni. Huenda anaona haya mbele ya wakwe."

Upondo wa nahodha ulitutoa mikokoni. Lakini nje ya mkono ule maji ni marefu, upondo haugusi chini, na jua lilikuwa limekwisha kuzama. Ule upepo wa jioni ukaanza kuvuma, laini, mtamu, upepo ambao mtu mwenye tanga angelala usingizi akajikuta nyumbani. Mpwa wangu akawasha simu akamulika kile kijitundu. Kimezibwa na tope. Akaomba waya. Hakuna mwenye waya. Mama mkwe akapeleka mkono kichwani, akachomoa pini ya mtandio wake, akampa. Kijana akachokoachokoa, nikavuta kamba, tukasubiri tumekata pumzi, watu wote saba tumeinamia tundu moja.

Mchirizi ukatoka.

Dada yake mama mkwe akapiga vigelegele. Mke wangu akaitikia, watoto nao wakapiga makofi juu ya sufuria. Wakati huohuo mashua ya vijana waliotoka matembezini ikapita kando yetu, tanga limejaa, inateleza bila sauti. Wote ni wanafunzi wangu wa zamani. Mmoja akauliza kwa adabu: "Kuna harusi, Mwalimu?"

Na mpwa wangu, ambaye sijawahi kumfundisha kusema uongo, akajibu: "Mashine imekojoa! Ina mguu mfupi!"

Wao walifika mjini saa nzima kabla yetu.

Yaliyofuata ni mafupi. Fundi wa Matondoni alijitolea kuukata ubao wa tezi inchi tano ili mguu ufike majini, nikakataa, maana mawimbi nayo yangepata mlango. Nikamrudishia nahodha upondo wake, akanieleza lile alilolifungia kinywa siku ya jaribio: mashua yenye mkuku, ule uti wa chini, na tumbo haipandi juu ya maji kama faiba, inayalima. Umbo kama lile, likiwa na futi 20 zinazogusa maji, mwisho wa mwendo wake ni noti 6 hivi, yaani kama kilomita 11 kwa saa, utie farasi 8 au 40. Farasi wanaozidi hukaa nyuma kunywa petroli tu. Kinachotakiwa ni rafadha iliyozama, yenye mapigo mafupi, inayosogea kidogo kila inapozunguka, ya kusukuma mzigo. Mashine nikaiuza kwa mwenye kijifaiba kidogo, imemfaa sana, nikanunua ya farasi 8, mguu inchi 20. Naipima kila wiki, sijui kwa nini. Na tanga halitoki tena chomboni.

Mama mkwe ananipigia simu kila mwezi. Akimaliza kuulizia afya ya watoto huuliza: "Na yule mgonjwa, anakwenda haja vizuri?" Atakuja tena Idi ijayo. Nimemwambia mkeka wake omoni uko tayari, mashine sasa ina mguu mrefu, hana haja ya kusogea popote. Amesema hataki kusikia habari za omo. Kiti chake ni tezini, na pini atakuja nazo mbili.