Vinasaba wodini: tuanze sasa au ni anasa?

Hapa Tanzania ukitaja kipimo cha DNA watu wanawaza Mkemia Mkuu na baba anayekataa mtoto, daktari hayumo kabisa kwenye picha. Wenzetu wameshafika mbali. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya sikoseli (ugonjwa wa kurithi wa seli mundu) ambayo wanachukua chembe za uboho za mgonjwa mwenyewe, wanazihariri jeni maabara halafu wanamrudishia, na Marekani wakafuata mwezi mmoja baadae kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani zaidi ya bilioni 5 za kwetu. Kila habari hii ikipita ugomvi unaanza: kuna wanaotaka na sisi tuingize vinasaba kwenye matibabu ya kila siku, na kuna wanaosema acheni hizo, hospitali ya wilaya hata damu ya kuongezea mgonjwa inasumbua kupatikana.

Wanaosema twende wana hoja nzito kuliko watu wanavyodhani. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto kama 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na wengi hawajulikani mpaka vidole vivimbe, homa zisiishe, mama anazunguka nae anatibiwa malaria na typhoid wee mpaka siku moja mtu anashtuka kumpima. Akijulikana mapema anaanza penisilini, anapata chanjo, na baadae haidroksiurea, dawa inayopunguza makali ya sikoseli. Na hiyo dawa imejaribiwa huku huku kwetu, utafiti wa REACH uliofanyika Angola, Kongo, Kilifi (Kenya) na Mbale (Uganda) majibu yake yalitoka 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, na vifo pia. Na kumgundua mtoto huyo hakuhitaji kusoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyake vyote, tone la damu linatosha.

Ila wanaopinga nao sio wajinga. Chukua warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo dozi yake inasumbua sana kuipatia. Marekani walifanya jaribio linaitwa COAG, likatoka 2013, kuona kama kupima jeni kabla ya kupanga dozi kunasaidia. Kwa ujumla halikuonyesha faida, na kwa wagonjwa weusi waliopangiwa dozi kwa jeni hali ilikuwa mbaya kuliko wale waliopangiwa kwa njia ya kawaida! Inawezekanaje? Jeni zilizopimwa ni zile zinazobadilika sana kwa Wazungu, zetu zina mabadiliko mengine ambayo kipimo hakikuyaangalia. Kwa hiyo ukinunua teknolojia kama ilivyo ukaifunga Muhimbili unaweza ukamuumiza mtu huku una cheti cha kisasa mkononi.

Halafu kuna kisa cha TLE, kidonge cha VVU cha dawa tatu kwa pamoja, ambacho mimi ndio kinanifanya nisite zaidi. Waliotumia TLE wanazikumbuka zile ndoto za ajabu na kizunguzungu, ni efavirenzi ile, moja ya dawa zilizomo ndani yake, na ilijulikana kabisa kwamba Waafrika wengi wana aina ya jeni ya CYP2B6 inayofanya ini liitoe dawa taratibu sana, inajaa mwilini. Kitabuni jibu lilikuwa kupima jeni na kupunguza dozi. Kilichotokea, ikaja dolutegraviri, WHO 2019 wakaifanya chaguo la kwanza, watu wakahamishiwa TLD, kidonge chenye dolutegraviri badala ya efavirenzi, na kipimo kikakosa kazi. Dawa nzuri ya bei ndogo ilimaliza tatizo kabla maabara haijajengwa, na sioni kwa nini isitokee tena kwenye magonjwa mengine.

Suala la siri nalo lipo. Jibu la sikoseli la mtoto linawasema wazazi wote wawili, na mtaani bado mama ndio anabebeshwa lawama, "kwao ndio wana ugonjwa huo", wakati bila jeni ya baba mtoto asingeumwa. Na je baba akipimwa akakutwa hana kabisa jeni hiyo, yaani huenda mtoto si wake? Nani anamwambia, nesi ambaye ana foleni ya watu sitini nje? Saudia wanapima wachumba kwa lazima tangu 2004, majibu hayazuii ndoa ila yanatolewa na ushauri, na hiyo sehemu ya ushauri ndio sisi hatuna watu wa kutosha.

Mimi nipo upande wa kuanza, ila kwa sharti moja, kwamba jibu likitoka kuwe na kitu cha kufanya kesho yake na dawa iwe kwenye shelfu. Kwa sharti hilo sikoseli inapita bila ubishi, jenomu nzima ya kila mgonjwa haipiti, warfarini isubiri data zetu wenyewe. Na pa kuanzia pameshajengwa. Watoto waliozaliwa na mama wenye VVU wanachukuliwa matone ya damu kwenye karatasi ili wapimwe VVU wakiwa na wiki kama sita, Uganda walizichukua karatasi hizo hizo, karibu laki moja, wakazipima sikoseli na kukuta 13.3% wana jeni ya mzazi mmoja tu, yaani ni wabebaji, na 0.7% ni wagonjwa. Hawakujenga mfumo mpya wa kukusanya damu. Kliniki ya mama na mtoto ipo, chanjo ya wiki sita ipo na mama anakuja mwenyewe, kinachobaki ni bajeti ya vipimo, haidroksiurea ipatikane kwa bima bila longolongo, na nesi mmoja aliyefundishwa namna ya kukaa chini na baba na mama kwa pamoja.