Moccagatta uwanja upo, wenyewe hawapo: ugomvi wa timu B kwenye Serie C

Kuna uwanja kaskazini mwa Italia unaitwa Moccagatta, upo mji wa Alessandria, na mtu akiniuliza huu ugomvi wa timu B (timu za pili za klabu kubwa za Serie A) kuingizwa Serie C, daraja la tatu la Italia, unahusu nini huwa naanzia hapo. Ni uwanja wa klabu ya Alessandria, wale wa jezi za kijivu, klabu ya tangu 1912, ndipo Gianni Rivera alipoanzia kucheza kabla hajaenda Milan na kubeba Ballon d'Or ya 1969. Juni 2021 Alessandria walipanda Serie B kwa penati mbele ya Padova. 2024 wakashuka kutoka Serie C, na kiangazi hicho hicho wakashindwa hata kujisajili Serie D ambayo ni ya ridhaa. Msimu wa 2024/25 ukaanza na Moccagatta taa zinawaka kama kawaida, mechi za Serie C zinapigwa pale, ila wanaocheza ni madogo wa Juventus, hawa wanaoitwa Juventus Next Gen, ambao wamekuwa wakiutumia uwanja huo tangu 2018.

Sasa weka nafsi yako kwa mzee wa Alessandria aliyekuwa anakaa jukwaa lile miaka arobaini. Timu yake haipo, mechi zipo.

Kwa ambao hawafuatilii madaraja ya chini, Serie C ndiyo ngazi ya mwisho ya mpira wa kulipwa Italia, timu 60, makundi matatu ya timu 20, kundi A la kaskazini, B la katikati, C la kusini. Kinara wa kila kundi anapanda Serie B moja kwa moja, wa nne anapatikana kwa mchujo mrefu balaa wa timu 28. Chini ya hapo ni Serie D, makundi tisa, ridhaa. Mwaka 2018, baada ya Italia kutolewa na Sweden na kukosa Kombe la Dunia, shirikisho lao la FIGC likiwa chini ya kamishna Roberto Fabbricini likaruhusu klabu za Serie A kuingiza timu za pili kwenye Serie C. Wazo lilikuwa kwamba madogo wa Italia wanakwama, wakimaliza ligi ya vijana ya Primavera wanatolewa mkopo huku na kule, wanakaa benchi, wanapotea, wakati Hispania na Ujerumani wana timu B zinazocheza na watu wazima kila wiki. Kwa miaka mitano Juventus peke yao ndio waliokubali. Halafu 2023 wakaja Atalanta, 2024 Milan kwa jina la Milan Futuro, 2025 Inter.

Kilichowasha moto ni mlango walioingilia. Hawakupanda kutoka Serie D. Sheria ilisema klabu ikikosa leseni na nafasi ikabaki wazi, wa kwanza kwenye foleni ni timu B, halafu ndio inafuata timu ya Serie D, halafu mojawapo ya zilizoshuka. Kwa hiyo Siena na Pordenone walipokosa usajili 2023, Atalanta U23 wakaingia. Ancona walipokosa 2024, Milan Futuro hao. SPAL na Lucchese walipokosa 2025, Inter U23 ndani. Ukiwa shabiki wa Ancona au Siena huwezi kuambiwa kwamba hilo halikuhusu.

Nianze na wanaotetea, maana hoja zao ni nzito na mara nyingi watu wanazipita kwa hasira. Angalia waliopita pale Moccagatta: Fagioli, Miretti, Soulé, Yıldız, Huijsen. Yıldız leo ndiye namba 10 wa Juventus. Huijsen aliuzwa Bournemouth 2024 na mwaka mmoja tu baadae yuko Real Madrid. Soulé Juve walimuuza Roma kwa hela nzuri sana. Hawa wote kabla ya kupanda walicheza mechi za Serie C dhidi ya mabeki wa miaka 33 wenye watoto nyumbani na bonasi ya ushindi kichwani, beki ambaye akikukanyaga anakukanyaga kweli, na hicho kitu Primavera haina. Na sio kwamba timu hiyo ilikuwa inafanya mazoezi tu, 2020 walibeba Kombe la Serie C kwa kuwafunga Ternana 2-1. Msimu wa 2024/25 wakahamishiwa kundi C, yaani mtoto wa Turin anasafiri hadi Catania na Trapani kule Sicilia kwenye viwanja vyenye kelele, wakaanza vibaya sana wakawa mkiani, kocha Paolo Montero akafukuzwa, Massimo Brambilla akarudi na wakapanda hadi kwenye mchujo. Hiyo ni shule, mi siwezi kuikataa.

Hoja yao nyingine ni hela. Timu B hailali na deni la mishahara. Italia klabu inatakiwa kuthibitisha kila baada ya miezi miwili kwamba imelipa mishahara na kodi, ukishindwa unakatwa pointi, na timu B huwezi kuikuta kwenye orodha hiyo. Sasa linganisha na majirani zao.

Na hapa ndipo ule msimu wa 2024/25 unauma, naomba nikae hapa kidogo. Machi 2025, ligi ikiwa inaelekea ukingoni, Taranto na Turris, zote za kundi C, zikaondolewa kabisa kwa madeni. Sio kushushwa, kuondolewa, na matokeo yao yote ya msimu yakafutwa, kwa hiyo kundi lenye timu 20 likabaki na 18 na kila mtu akawa na msimamo mpya. Ulitoa jasho ukawafunga Taranto Oktoba, pointi zako tatu hazipo tena. Mwenzako alifungwa nao, yeye hajapoteza kitu. Halafu unaambiwa hiyo ndiyo ligi ya kulipwa ya nchi yenye Makombe ya Dunia manne.

Halafu SPAL. Hii ni klabu ya Ferrara ya 1907, ilikuwa Serie A kuanzia 2017 hadi 2020, Cristiano Ronaldo alicheza kwenye uwanja wao wa Paolo Mazza. Mei 2025 walicheza mchujo wa kujinusuru dhidi ya nani? Milan Futuro. SPAL wakawatoa, Ferrara wakasherehekea, Milan Futuro wakashuka Serie D. Wiki chache baadae ikafika tarehe ya kuwasilisha hela na makaratasi ya msimu mpya, SPAL hawakukamilisha, kwisha habari. Msimu wa 2025/26 Ferrara wakaanza upya na timu inayoitwa Ars et Labor kwenye Eccellenza, ligi ya mkoa, daraja la tano. Yaani Milan Futuro waliofungwa wakawa daraja moja juu ya SPAL waliowafunga. Lucchese nao vile vile, wachezaji walikaa miezi bila mshahara, klabu inabadilisha wamiliki tu, kocha Giorgio Gorgone akawashika vijana wake wakapambana hadi wakashinda mchujo wao na Sestri Levante, wakabaki Serie C kwa haki ya uwanjani, halafu klabu ikafilisika. Kwa Lucchese hiyo ilikuwa mara ya nne tangu 2008.

Juu kidogo, Serie B, Brescia, timu aliyochezea Baggio na Guardiola na alikotokea Pirlo, walimaliza sehemu salama halafu wakakatwa pointi 4 kwa sababu walilipia kodi zao kwa madai ya kodi (haki ya kupunguziwa kodi) waliyonunua kwa watu na ikaonekana madai hayo hayapo. Wakashuka Serie C, na huko nako wakashindwa kujisajili. Klabu ya 1911. Mji ukaokolewa na mwenye Feralpisalò aliyehamishia timu yake Brescia na kuiita Union Brescia. Na sio jambo la juzi, Wakenya mtakumbuka McDonald Mariga baada ya Parma na Inter alipita Latina, hao nao walifilisika 2017.

Kwa hiyo anayetetea timu B anasema: mnamlaumu mgeni aliyekaa kwenye kiti kitupu, muulizeni aliyekiacha. Na kiukweli sehemu hiyo mi nakubaliana naye. Hakuna klabu hata moja iliyouawa na Juventus Next Gen. Klabu kufa bila mkono wa timu B tulishaona Februari 2019, Cuneo 20 Pro Piacenza 0, hii mechi ilichezwa kweli. Pro Piacenza walikuwa hawana wachezaji, wote wameondoka kwa kutolipwa, wameshasusa mechi tatu na ya nne ingewaondoa, wakapeleka madogo saba tu, ndio idadi ya chini kabisa ya kuanza mechi. Kocha hakuna, nahodha wa miaka 19 ndiye aliyeandikwa kama kocha. Mapumziko ni 16-0. Baadae mchua misuli wa timu, mtu mzima wa miaka 39, akavaa jezi akaingia kucheza. Kesho yake klabu ikaondolewa kwenye ligi. Na Cuneo waliofunga hayo 20, kiangazi cha mwaka huo huo na wao wakafa. Timu B hapo inahusika wapi?

Lakini nikimgeukia anayepinga, nikimsikiliza vizuri, naona hasemi timu B zimeua, anasema zinafaidika na kifo na hazirudishi kitu. Serie C ni ligi inayoishi kwa watu. Catania waliondolewa Aprili 2022 msimu ukiwa haujaisha, wakaanza Serie D, wakapanda mara moja na uwanja wao wa Massimino ukajaa maelfu ya watu. Msimu ule wa 2024/25 Catania au Avellino au Pescara wakija kwako walikuja na mabasi, tiketi ziliuzwa, baa za karibu na uwanja ziliuza, klabu ndogo ikapata hela ya kulipia umeme. Ikija timu B haiji na mtu. Vikundi vya mashabiki navyo vimekuwa vikisusia safari za kwenda kwao, kwa hiyo hata kwao jukwaa ni tupu. Na mchezo wenyewe unapinda, maana kikosi cha timu B kinategemea nani kaumia kule juu. Msimu wa 2024/25 ungeweza kucheza na Milan Futuro wiki hii ukakutana na Camarda, mshambuliaji wao kinda, halafu mwenzako mnayepigana naye kukwepa kushuka daraja wiki ijayo asikutane naye kwa sababu kaitwa timu kubwa. Hilo sio kosa la mtu ila sio sawa.

Na njia ya zamani ya mkopo nayo haijafa. Fainali ya mchujo ya Juni 2025, Pescara na Ternana, uwanja wa Adriatico wa Pescara umejaa hadi pomoni, mechi imeenda penati, na shujaa ni kipa Alessandro Plizzari. Huyu ni kijana wa akademi ya Milan, hakuna timu B enzi zake, alitolewa mkopo Livorno, Reggina na kwingine, na mkopo mmojawapo ulikuwa Ternana hao hao. Alizunguka miaka mingi na mji mzima ukamuimba jina. Kocha wake Silvio Baldini akachukuliwa kufundisha U21 ya Italia. Sasa ukiniambia timu B ndiyo njia pekee ya kukuza kijana nitakuonyesha Plizzari, ingawa haki ni kusema pia kwa kila Plizzari mmoja wako wengi waliopotea kwenye hiyo mikopo na hatuwajui majina.

Mi msimamo wangu ni huu. Timu B zibaki, faida yake kwa madogo inaonekana kwa macho. Ila foleni ibadilishwe. Nafasi iliyoachwa na Ancona iende kwanza kwa timu ya Serie D iliyomaliza ya pili kwenye kundi lake, ambayo ina mji na watu nyuma yake na imetoa jasho mechi 34 au zaidi ikakosa kidogo tu. Na kabla ya yote hayo, leseni zikaguliwe hela zikiwa mkononi, sio mwenye klabu mpya anakuja na barua ya dhamana Juni anapewa ruhusa halafu Februari anaacha mishahara, kwa sababu anayeumia Machi sio yeye, ni yule aliyefungwa na Taranto na yule aliyewafunga na mtunza vifaa ambaye hana wakala wa kumtafutia kazi kwingine.

Timu B nazo zianzie chini kama wengine. Na tayari kuna mfano, Milan Futuro msimu wa 2025/26 walikuwa Serie D, wakicheza kwenye viwanja vya vijiji na watu wanaofanya kazi mchana na mazoezi jioni. Siku wakishinda kundi lao na kupanda Serie C kwa miguu yao nitawapigia makofi bila kinyongo, na hakuna mtu wa Ancona atakayekuwa na neno la kuwaambia.