Beberu kabonyeza mlango, shemeji akamalizia

Wiki ile ya kuelekea Idd el Hajj mzee wa nyumba ya pili kaleta beberu. Sio hawa mbuzi wa kawaida jamani, beberu lenyewe lina ndevu, harufu yake inafika kwanza yeye anafuata baadaye, akalifunga kwenye mwarobaini kwa kamba ndefu kweli kweli, na hiyo kamba ndio kesi yenyewe maana ilikuwa inafika mpaka pale tunapopaki IST ya mama watoto. IST nyeusi. Na siku hiyo vijana wa kuosha magari walikuwa wameipiga polishi mpaka ungeweza kunyolea ndevu pale mlangoni.

Beberu kapita zake, kageuza shingo, kaona beberu mwenzie yuko ndani ya mlango anamkodolea macho. Waliofuga wanajua, dume la mbuzi likiona dume lingine halisalimii. Karudi nyuma, kasimama kwa miguu miwili, PAAA! Mimi niko ndani na chai yangu nikajua transfoma imelipuka. Natoka nje nakuta mlango wa nyuma wa kushoto umeingia ndani, bonyeo la upana wa kiganja hivi, na beberu anajipanga kwa raundi ya pili, maana yule wa mlangoni hajakimbia na tena sasa bati limepinda kwa hiyo ana kichwa kikubwa kuliko mwanzo.

Nikaenda kwa mzee. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamweleza yote kwa adabu. Kaja, kainama, mlango hata hakuuangalia, kaangalia pembe. Akashika moja akaitikisa, akashika ya pili. "Mwanangu, mnyama wa kuchinja huyu hatakiwi awe na kasoro. Pembe ingevunjika hapa ningekudai wewe." Nikajikuta mimi ndio natoa pole.

Hapo ndio akatokea shemeji, mdogo wake mama watoto, anaishi kwetu anatafuta kazi, na wakati anaitafuta anaangalia YouTube. Kagusa bonyeo kwa kidole kama daktari, kasema, "Shem, usithubutu kupeleka kwa fundi. Atakupakia pati, atapiga msasa, atapuliza rangi, umeisha."

Na hapo niseme ukweli, dogo alikuwa sahihi. Mlango mmoja ukishapulizwa rangi upya, ukipigwa na jua la Dar unaanza kuona huu mweusi na ule mweusi ni weusi wawili tofauti, na siku ukitaka kuuza mnunuzi anazunguka gari mara moja tu anauliza hii ilipata ajali gani. Utamwambia beberu? Halafu rangi yenyewe ilikuwa nzima, haijachubuka wala kupasuka, bati tu ndio limezama, na bonyeo la namna hiyo linanyooshwa bila hata tone la rangi. Mpaka hapo mimi na shemeji tulikuwa chama kimoja.

Kaanza na birika. Kachemsha maji kwenye lile birika la umeme la mama watoto, kamwaga mlangoni, tumesubiri, kimya. Kachemsha tena. Watoto wa mtaa wamekaa chini kabisa kama wanaangalia mpira. Birika la tatu ndio bodaboda mmoja aliyekuwa ameegesha pembeni akauliza, "Kaka, hiyo video yako walikuwa wanamwagia bampa au mlango?" Shemeji kafungua simu, kaangalia, kanyamaza. Bampa ni plastiki, ukiipasha inalainika unaisukuma inarudi umbo lake. Mlango ni bati, maji ya birika lako hayaulainishi, tulichofanikiwa ni kubandua stika ya chama cha wazazi wa shule.

Akaja na ule mpira wa kuzibulia choo. Nikamuuliza umeuosha, kasema shem hebu kuwa serious. Kaulowanisha, kaugandamiza kwenye bonyeo, kavuta. Bati likaitikia kweli, nilisikia "kloki" kwa masikio yangu, bonyeo likapungua kama nusu na watu wakapiga makofi, na angeishia pale leo hii nisingekuwa naandika. Lakini makofi yalimharibu. Kapachika tena, kaweka mguu kwenye tairi, kavuta kwa nguvu za ugali wangu wote anaokula, mpira ukachomoka, shemeji huyooo kinyumenyume mpaka kwenye beseni la mpangaji wa chumba cha nyuma, mashuka meupe, yameshasuuzwa. Yule mama hakutukana. Alimuangalia tu, akachukua sabuni akamkabidhi.

Mashuka yalipokwisha (kafua yeye, kaanika yeye) nikajua tumemaliza. Kumbe anawaza. Kesho yake nimeenda kazini, narudi jioni nakuta mlango uko uchi. Kavua lile gamba la ndani, klipu nusu zimekatika, nailoni ya kuzuia maji kaichana, waya zinaning'inia, na yeye mkono wote umezama kwenye mlango ana spana ya tairi anasukuma bati kutokea ndani. "Shem, wataalamu wote wanasukuma kwa ndani!" Ni kweli wanasukuma kwa ndani. Ila hawasukumi kwa spana ya tairi. Bati la mlango halifiki hata milimita moja, ukilisukuma kwa pupa halirudi lilipotoka, linapitiliza. Bonyeo la beberu likabaki nusu vile vile, na pembeni yake kukaota chunusi inaangalia nje, ncha kabisa.

Halafu kwenye kutoa spana kagonga sijui nini, kioo kikasema "shwaaa" kikazama ndani ya mlango.

Mama watoto alikuwa na kikao cha kamati ya harusi jioni ile ile, na yeye ndio mweka hazina. Katoka amependeza, kaangalia mlango, kamuangalia mdogo wake, kaniangalia mimi, kaingia ndani karudi na kanga, kaibana pale dirishani. Nikasoma maandishi: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Kawasha gari. "Baba watoto, mbuzi alipiga mara moja akaacha." Akaondoka.

Ndio nikatafuta fundi wa kweli, wale wanaonyoosha bila rangi, mtu mzima mmoja mpole na begi lake refu. Hakuleta nyundo kubwa wala kelele. Kasimamisha taa yenye mistari pembeni ya mlango, halafu muda wote haangalii bati, anaangalia ile mistari inavyojipinda kwenye rangi. Kabari ndogo kati ya kioo na mlango, fimbo ya chuma iliyopinda ncha ikapita humo, anasukuma kidogo, anaangalia mstari, anasukuma kidogo tena. Kule nyuma ya ule mhimili wa chuma wa ndani ya mlango, fimbo isikofika, alibandika vipande vya plastiki kwa gundi ya moto akavuta kwa nje, gundi akaitoa kwa spiriti, safi. Unaona mistari inanyooka mmoja mmoja. Shemeji kasimama nyuma yake anatingisha kichwa anasema "ndio, ndio, hivyo hivyo."

Bonyeo la beberu likaisha kabisa, nakuapia, ukipitisha mkono hupati kitu. Kafika kwenye chunusi. Kaweka kijiti cha plastiki, kagonga taratibu ikashuka, kasogeza taa, kaguna.

"Hapa rangi imepasuka. Hii nani kaisukuma?"

Kimya. Hata wale watoto wa mtaa walinyamaza, nikawaheshimu.

"La mbuzi nimemaliza, nipe 60,000. Kioo nimekurudishia hiyo bure. Ila hili lingine mimi sina dawa yake, ukiliacha kutu itaingia. Tafuta mtu wa rangi."

Kwa hiyo mlango wangu umepigwa pati, msasa na rangi, lile lile tulilokuwa tunalikimbia, na tena nimelipa mara mbili ya hiyo. Nimempelekea mzee habari ya gharama nikidhani atachangia hata kidogo, kaniambia ya mbuzi ni elfu sitini, hayo mengine ni mambo ya ukweni yeye hawezi kuingilia. Na hizo sitini kasema tutaongea baada ya Idd.

Juzi nafungua WhatsApp nakutana na status ya shemeji. Picha mbili. Ya kwanza bonyeo la beberu, ya pili mlango umenyooka unang'aa, kaikata vizuri sana ile sehemu ya chunusi isionekane, chini kaandika TUNANYOOSHA DENTI BILA RANGI, KAZI YA SIKU MOJA, KARIBUNI. Nikacheka nikapuuza. Jana niko kazini simu inaita, ni yeye, anaongea kwa haraka, kapata mteja, mtu na Harrier yake, yuko njiani anakuja, na anauliza lile birika dada yake kalificha wapi.