Waliambiwa watarudi vita vikiisha

Kuna ndugu yetu katupia kwenye kundi picha za Tyneham, kile kijiji kitupu cha Dorset, kusini mwa Uingereza, akaandika chini: "Wenzetu wanajua kutunza historia." Kutunza! Nyumba hazina mapaa, na kuta zimezungukwa na uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha. Tukitunzwa hivyo sisi tutapona kweli?

Novemba 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, wanakijiji waliletewa barua: jeshi linataka eneo la kufanyia mazoezi ya vifaru, hivyo ikifika tarehe 19 Desemba wawe wameshaondoka wote. Barua ilikuwa na adabu zake. Serikali inatambua kwamba mnachoombwa si kidogo, ila ina hakika mtakitoa kwa moyo mkunjufu. Moyo mkunjufu, Krismasi iko mlangoni, mtu anafunga magodoro!

Kinachonikera zaidi ni ile karatasi wanakijiji waliyoibandika kwenye mlango wa kanisa la parokia, la Mtakatifu Maria. Waliwaomba askari walitunze kanisa na nyumba, kwa kuwa wao wameyaacha makazi ya vizazi na vizazi ili kusaidia kushinda vita na watu wabaki huru. Ipo siku tutarudi, wakaandika, na tutawashukuru kwa kukitendea wema kijiji chetu. Anayefukuzwa ndiye anayetanguliza asante.

Vita vikaisha 1945. Wakangoja. Mwaka 1948 serikali ya chama cha Labour, watetezi wa wanyonge hao, ambayo mwaka huohuo ilianzisha matibabu ya bure kwa nchi nzima, ikaamua ardhi ibaki ya jeshi moja kwa moja. Na wengi wa waliohamishwa walikuwa wapangaji tu wa ukoo wa Bond, wenye jumba kubwa pale. Fidia ya ardhi humfuata mwenye ardhi. Wewe uliyezaliwa pale, ukabatizwa pale, ukazika wazazi wako pale, unadai nini na kwa karatasi ipi?

Haya, nakubali shingo upande: kijiji kilikuwa kinapungua hata kabla ya vifaru, shule ilishafungwa 1932 kwa kukosa watoto. Nakubali pia kwamba mizinga imewafukuza wajenzi wa mahoteli, ndege na vipepeo wanastarehe. Lakini kijiji kinachopungua bado kina wenyewe.

Kelele za kudai kijiji zilipanda tena miaka ya sitini mwishoni, na kufikia 1975 umma ukaruhusiwa kuingia. Kuingia kutazama, siyo kukaa. Kanisa na shule vimekarabatiwa, ndani kuna maonyesho. Ukipanga kwenda, angalia kwanza ratiba ya jeshi: wikiendi nyingi geti liko wazi, siku za kazi wanapiga mizinga. Na usitoke nje ya njia zilizowekewa alama, kwani mabomu ambayo hayajalipuka bado yamo majanini.